Ombi la Mtu wa Pili

Haya hayakutokea zamani sana, wala hayakutokea mbali sana, lakini yalitokea nchi nyingine. Kwa hiyo kaeni kwa raha, wajukuu zangu, msigeuke geuke kutazama mlangoni. Jina la nchi yenyewe silitaji. Si kwamba naogopa. Limebadilishwa tena juzi na ulimi wangu bado haujalizoea.

Nchi hiyo ilikuwa na kiongozi aliyeitwa Mtukufu Mtangulizi, na Mtangulizi alipenda mashindano ya baiskeli kuliko kitu chochote. Viongozi wengine hupenda vita. Wetu, nasema wao, alipenda baiskeli, na watu walimshukuru Mungu, maana baiskeli hailipuki. Mimi nilikuwa huko kutembea tu, nikajikuta nimekaa umri wangu wote.

Kila mwaka, Siku ya Mwendo, yalifanyika Mashindano Makuu, na kila mwaka Mtangulizi alishiriki mwenyewe na kushinda mwenyewe. Msiseme ni upendeleo. Kulikuwa na sheria moja tu, fupi, hata mimi niliyeishia darasa la tatu niliielewa: hakuna kumpita. Mkiiheshimu hiyo, anashinda kwa jasho lake halali.

Sasa kwa kuwa wa kwanza alikuwa anajulikana tangu mwaka jana, watu walipigania nafasi ya pili. Wa pili alikuwa na haki ya kuomba jambo moja, akapewa papo hapo mbele ya umati. Liliitwa Ombi la Mtu wa Pili. Waziri mmoja aliomba awe waziri wa wizara mbili. Mwingine aliomba kiplefti kiitwe kwa jina lake. Kikajengwa vizuri, chenye majani na chemchemi, halafu ndiyo zikaanza kutafutwa barabara za kukizunguka. Jenerali mmoja aliomba mvua isinyeshe siku ya arusi ya binti yake. Mvua ikapigwa marufuku, na kweli haikunyesha. Kilikuwa kiangazi, lakini msinikatize.

*

Wageni walidhani baiskeli ni kitu cha kuendesha. Kule baiskeli ilikuwa sanaa na utamaduni, na ilikuwa na wizara yake: Wizara ya Mwendo, Mapambo na Utiifu wa Barabarani. Waziri wake aliitwa Mheshimiwa Chubwa, bwana mmoja mnene, mwenye sauti kama lori linalopanda mlima na tofali. Yeye ndiye aliyeamua rangi za spoki, wingi wa maua ya kufunga kwenye hendeli, na maneno yanayofaa kuandikwa kwenye kile kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya madigadi.

Mchoraji mmoja aliandika, "Polepole ndio mwendo, utafika." Wizara ikafuta "utafika," kwa kuwa kufika ni kazi ya Mtangulizi. Mwingine akaandika, "Mungu tangulia mbele." Huyo alihojiwa siku nzima, aeleze hasa alikuwa na nani mawazoni. Mwishowe yakaruhusiwa maneno ya namna moja tu: NIKO NYUMA YAKO. Basi mji mzima ukawa unasoma mgongoni kwa mwenzake kwamba mwenzake yuko nyuma yake. Hakuna aliyejua nani anamfuata nani, ila kwenda tulikwenda.

Hata kushangilia kulikuwa na adabu zake. Wakubwa walishangilia kwa makofi, mikono miwili, mpaka mshindo usikike. Sisi wadogo makofi yalikatazwa; viganja vyetu vilikuwa havijafikia cheo hicho. Tulishangilia kwa kengele ya baiskeli, kwa kidole gumba, kring kring. Asiye na baiskeli alitembea na kengele tupu. Yangu niliifunga kwenye pindo la khanga, nikikohoa nalia kama posta.

Tatizo lilikuwa moja, na si tatizo, ni baraka: Mtangulizi alikuwa anazeeka. Kila mwaka mwendo wake ulipungua, na wanaomfuata ikabidi wapungue zaidi. Ndipo Waziri Chubwa akaanzisha Chuo cha Taifa cha Kubaki Nyuma. Wanafunzi walifanya mazoezi na kobe uwanjani. Ukimpita kobe, umefeli. Kijana mmoja alimaliza wa kwanza katika mtihani wa kuwa wa mwisho, wakashindwa kumpa cheti, wakampa ualimu.

"Dunia inatushangaa!" alinguruma Waziri Chubwa redioni. "Mataifa mengine yanakimbia, yanakimbia, na yanakimbilia wapi? Sisi tumetulia. Nani amewahi kusikia mtu aliyetulia amepotea njia?"

Tukapiga kengele.

*

Nilikuwa na wajukuu wawili niliowalea mwenyewe, Faki na dada yake Siwatu. Faki alikuwa akiuza mikate kwa baiskeli. Siwatu akibeba maji kwa baiskeli, madumu kwenye keria, mengine kwenye hendeli, akipita nayo katikati ya soko bila kumwagia mtu.

Asubuhi moja Faki anashuka kilima cha Ikulu na mikate yake, breki zikakatika. Na mbele yake, kwa bahati iliyokwisha kuandikwa, Mtukufu Mtangulizi yumo mazoezini. Faki alipiga kengele, akapiga kelele, akavuta mguu chini mpaka kandambili ikatoa moshi. Wapi. Akampita. Na kwa sababu nilimlea vizuri, alipompita aligeuza kichwa akasema, "Shikamoo, Mzee!"

Hiyo shikamoo ndiyo iliyomfunga.

"Ulipomwamkia Mtukufu," aliuliza hakimu, "ulitazama mbele au nyuma?"

"Nyuma, mheshimiwa. Nilikuwa nimeshampita."

"Kwa hiyo ulimwona Mtangulizi akiwa nyuma?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini aliitikia. Alisema marahaba."

"Mahakama haijauliza alisema nini. Mahakama imesikia alikuwa wapi."

Akahukumiwa kukaa Gereza la Mwendo wa Pole mpaka mwendo wake upungue. Si hukumu mbaya ukiisikia. Lakini walimpima kwa kumwita kwenye chakula na kutazama anavyokwenda, na kwa kuwa chakula kilikuwa mara moja kwa siku, kila akiitwa alikwenda mbio. Wakamwongezea. Akizidi kufungwa anazidi njaa, akizidi njaa anazidi mbio. Ukimtazama kwa hesabu hiyo, kaka huyo hatoki.

Siwatu akanikuta jikoni nakuna nazi.

"Bibi, naingia mashindanoni. Nataka kuwa wa pili."

"Mwanangu, nchi hii kila mtu anataka kuwa wa pili."

"Wao wanataka viplefti. Mimi namtaka kaka yangu."

Nilikuna nazi mpaka nikakuna na kifuu.

Alipokwenda kujiandikisha, Waziri Chubwa alimtazama kuanzia kandambili mpaka kilemba, akacheka.

"Hujasoma Chuo cha Kubaki Nyuma. Unaweza kubaki nyuma wewe?"

"Mheshimiwa," alisema Siwatu, "mimi nimezaliwa huko."

Waziri aliona jibu lina adabu, akampitisha. Alidhani vilevile msafara wa mawaziri utapendeza ukiwa na raia mmoja wa kupigwa picha.

*

Siku ya Mwendo jua liliwaka kama limeagizwa. Mtangulizi akatoka na baiskeli yake ya rangi ya dhahabu, yenye vigurudumu vidogo huku na huku vya kuizuia isianguke. Vigurudumu hivyo havikutajwa. Ukiviona, unaviona kimyakimya. Nyuma yake mawaziri na majenerali, kila mmoja na pambo lake. Baiskeli ya Waziri Chubwa ilikuwa na maua mengi, tena mabichi, hata nyuki wa Bustani ya Taifa wakaja nayo. Nyuma kabisa ya wote Siwatu, na baiskeli yake ya maji, amefunga ua moja la plastiki nililolitoa sebuleni.

Sheria nyingine, nilisahau kuwaambia: ukiweka mguu chini, umetoka. Wizara ilisema mtu anayeweka mguu chini anatafuta mahali pa kusimama, na mtu anayetafuta mahali pa kusimama ana lake jambo.

Bastola ikalia. Wakaondoka. Yaani walisema wameondoka. Mimi nilimaliza kumenya chungwa wakiwa bado mbele yangu. Mtangulizi alikanyaga pedeli, akapumzika, akapungia watu, akakanyaga tena. Huku nyuma ilikuwa vita. Hujaona vita mpaka uone majenerali wakipigania kusogea taratibu.

"Sogea pembeni, mzee, unanibana!"

"Sisogei! Mimi ni wa pili tangu kona ile!"

"Wa pili na tumbo hilo? Tumbo lako limeshampita Mtukufu, lirudishe nyuma!"

Siwatu alikuja akiwapenya mmoja mmoja, polepole, kama anavyopenya soko, "samahani mjomba, samahani mzee," mpaka akafika ubavuni mwa Waziri Chubwa. Mbele yao hakuna mtu ila Mtangulizi, na mbele ya Mtangulizi, karibu sana, utepe wa kumalizia.

Hapo Mtangulizi akasimama.

Ilikuwa desturi. Kabla ya kukata utepe lazima asimame asikilize utenzi wa Mghani Mkuu wa Taifa, Bwana Shaali, ambaye kila mwaka alisifu baiskeli ya Mtangulizi spoki moja baada ya nyingine, na hakuna spoki iliyowahi kurukwa. Zamani utenzi ulikuwa mfupi. Lakini kila mwaka gurudumu liliongezwa spoki, kwa heshima.

Mtangulizi alikuwa na vigurudumu vyake, hakuwa na shida. Wengine wote ikawabidi wasimame juu ya magurudumu mawili, bila kwenda, bila kuanguka, bila kuweka mguu chini. Bwana Shaali akakohoa, akaanza:

"Spoki hii naanzia, ing'aayo kama nyota,
Dunia yaitazamia, jua laona matata..."

Ubeti ukaisha. Na ubeti ukiisha, wajukuu zangu, mkubwa lazima apige makofi.

Mikono miwili.

Jenerali wa kwanza aliachia hendeli, akapiga kofi moja zuri, la pili akalipigia chini. Waziri wa Kilimo akamwangukia Waziri wa Ulinzi. Ubeti wa pili ukaangusha baraza karibu lote. Na kila aliyeanguka aliendelea kupiga makofi palepale chini, ili asionekane ameanguka kwa ukosefu wa mapenzi. Siwatu, kwa kuwa viganja vyake havikuwa na cheo, alibaki ameshika hendeli yake kwa nguvu zote na kupiga kengele kwa kidole gumba. Kring kring.

Akabaki yeye na Waziri Chubwa, ambaye alikuwa amegundua namna ya kupiga makofi na kushika hendeli tena kabla baiskeli haijatambua.

"Binti," alisema akitokwa jasho, "nani alikufundisha kusimama hivyo?"

"Mabibi wa sokoni, Mheshimiwa. Ukimmwagia mmoja maji anakutukana mpaka ukoo."

"Mimi nimefundishwa ng'ambo!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nyuki yuko shingoni."

"Najua alipo! Ana kibali changu!"

"Basi na huyu wa sikioni naye..."

Bwana Shaali akamaliza ubeti. Waziri Chubwa alisimama njia panda: amfukuze nyuki au apige makofi? Mwanasiasa mkomavu, akajaribu kufanya yote mawili kwa mkono uleule. Alianguka na maua yake yote, na nyuki wakaona nyumba imefunguliwa.

*

Mngedhani yamekwisha. Utenzi uliisha, spoki ya mwisho ikasifiwa, tukapiga kengele, tukangoja Mtangulizi akate utepe. Hakusogea. Kidevu kilikuwa kifuani. Kutoka alipo ikasikika sauti ya mtu anayekata mti kwa msumeno butu.

"Mtukufu anatafakari," alitangaza mtangazaji wa redio, haraka.

Nani wa kumwamsha? Ukimwamsha umesema alilala. Viongozi walitazamana kutoka chini walipokuwa. Bwana Shaali aliambiwa arudie utenzi kwa sauti kubwa. Akaurudia, na sauti ya msumeno ikaongezeka. Na pasipo wa kwanza hakuna wa pili. Siwatu akibaki pale, hakushinda. Akimpita, anamkuta kaka yake gerezani wanakaa chumba kimoja. Akiweka mguu chini, Faki ataitwa kwenye chakula maisha yake yote.

Nilikuwa kwenye kamba, karibu. Niliona goti lake linavyotetemeka, jasho linadondoka kwenye pedeli. Nikabana kengele yangu isilie.

Basi Siwatu akafanya jambo ambalo hakuna sheria iliyolikataza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa na akili ya kulifikiria. Alikanyaga kidogo, gurudumu lake la mbele likagusa madigadi ya Mtangulizi, pale palipoandikwa NIFUATENI. Akakanyaga tena. Baiskeli ya dhahabu ikasogea. Akakaza mguu, akaisukuma kama anavyosukuma mzigo wa maji mlimani. Utepe ukakatika kifuani mwa Mtangulizi, na nyuma yake, gurudumu kwa gurudumu, akapita Siwatu.

Nilisikia nyuki.

"Amemgusa!" alipiga kelele jenerali mmoja. "Huu ni uhaini!"

"Amemsukuma mbele," akasema mwingine, mwenye busara zaidi. "Kumsukuma Mtukufu mbele ni uhaini au ni maendeleo?"

Kabla hawajakubaliana, barabara ikaanza kuteremka, upepo ukampiga Mtangulizi usoni, akaamka. Akaona miti inapita. Miaka mingi hakuwa ameona miti ikipita.

"Mmeona?" alisema walinzi waliposhika baiskeli na kuisimamisha. Macho yalimng'aa kama ya mtoto. "Mmeona mwendo ule?"

"Umeme, Mtukufu!" wakajibu wote kutoka chini.

"Nani wa pili?"

"Mimi, Mtukufu," akasema Siwatu.

"Omba, binti."

"Namwomba kaka yangu Faki. Amefungwa kwa kosa la kukupita."

Mtangulizi alikunja uso. Akamgeukia Waziri Chubwa, ambaye wakati huo alikuwa amevimba hata cheo chake kilionekana kidogo.

"Chubwa. Mimi nimewahi kupitwa?"

"Hakuna siku, Mtukufu! Hata wakati wenyewe unakwenda nyuma yako!"

"Umesikia, binti. Sijapitwa. Kama sijapitwa, hakuna aliyenipita, na hakuna aliyefungwa. Omba kitu ambacho kipo."

Nilidhani mtoto atalia. Siwatu alifikiri kidogo, akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Basi, Mtukufu, naomba uyaseme hayohayo redioni. Wananchi wafurahi."

Ombi halikuwahi kuwa rahisi namna hiyo. Kipaza sauti kikaletwa, na nchi nzima ikasikia kwa kinywa cha Mtukufu mwenyewe kwamba hajawahi kupitwa na mtu yeyote, na kwamba ndani ya magereza yake hakuna hata mtu mmoja aliyefungwa kwa kumpita.

*

Tulikwenda gerezani siku ileile. Mkuu wa gereza, Afande Dadi, alikuwa mlangoni na redio yake begani.

"Shikamoo, Afande. Tumemfuata Faki."

"Hayupo. Hamkusikia redio?"

"Yule pale anafagia uwanja," akasema Siwatu.

"Unamwona wewe, raia. Mimi ni mtumishi wa serikali, siwezi kuona mtu ambaye Mtukufu amesema hayupo."

"Basi mruhusu atoke."

"Nimtoe vipi mtu ambaye hayumo? Nenda nyumbani, dada. Ungekuwa na ndugu humu ningekusaidia."

Akakaa, akajipepea na kofia. Mimi nikaona tumefika ukutani. Siwatu hakuondoka.

"Afande, nikuulize kitu kimoja tu. Huyo asiyekuwepo, ugali wa serikali anaokula hapa kila siku, anaula nani?"

Afande Dadi akaacha kujipepea.

"Maana mtu akisikia," Siwatu akaendelea kwa upole, "atasema hakuna mfungwa, na chakula kinakwisha, na Afande ananawiri..."

Sijawahi kuona mzee akiruka namna ile. "Faki! Faki! Toka! Toka haraka kabla hujanila mimi!"

Faki akaja, mguu mmoja, akapumzika, mguu wa pili.

"Kimbia, wewe!"

"Afande, nikikimbia mtaniongezea."

Akasukumwa nje yeye na ufagio wake, lango likafungwa, na Afande Dadi akabaki ndani anapanguza ushahidi mdomoni.

Sikuwakumbatia sana. Walikuwa na njaa, na keria ya baiskeli inabeba mtu mmoja, na goti la Siwatu lilihitaji kupumzika. Nikawaambia nitatangulia kwa miguu, nao wapumzike kivulini wanifuate. Njia ya kwetu ni nyembamba, tuta la mchanga huku na mtaro huku. Nilikuwa nimefika mbali kidogo niliposikia baiskeli nyuma yangu. Nikangoja inipite. Haikunipita. Nikapunguza mwendo, nayo ikapunguza. Nikageuka: Siwatu ameshika breki, anayumba, na Faki kwenye keria amekaa wima, uso umemkauka kama yuko mbele ya hakimu.

"Mnangoja nini?"

"Nenda tu, Bibi," akasema Faki. "Sisi tuko nyuma yako."

Kumbe ndivyo gereza lilivyomrudisha. Nikaingia mtaroni mpaka magotini kwenye majani, nikashika kiuno.

"Nyinyi watoto! Chakula kiko jikoni kinapoa, mnanitazama kisogo mimi mwanamke mzee? Nipiteni! Nimewalea kwa ajili gani kama si mnipite?"

Faki akamtazama dada yake. Siwatu akaachia breki. Wakanipita, tena kwa kasi, vumbi likanijaa mdomoni na puani. Wajukuu zangu, nimekula vingi katika umri huu. Sijala kitu kitamu kama lile vumbi.